Profesa ana "h" ngapi? Kathryn Maitland, serumu ya watoto, na hesabu ya kutajwa

Swali moja linarudi sana kwa wale wanaojiandaa na memwari: "Kaka, indeksi h njo nini? Direkta wangu anasema tutaje tu watafiti wenye h kubwa." Mwingine anauliza: "Asistanti mwenye kuniongoza iko na h ya 2. Anaweza kweli?" Naona tumeanza kupima watu sawa vile wanapima mihogo ku soko, kilo ngapi, bei ngapi, basi imekwisha. Hesabu yenyewe si ngumu, nitaieleza kwa dakika mbili. Kazi ngumu ni kujua nini iko ndani ya ile namba. Njo maana nataka tuchukue mtafiti mmoja na tufungue kazi yake, tuangalie nani anamtaja na juu ya nini.

Nimemchagua Kathryn Maitland. Ni profesa wa magonjwa ya kuambukiza ya watoto wa nchi za joto ku Imperial College ya London, lakini miaka mingi ya kazi yake imepita Kilifi, pwani ya Kenya, ku kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, na katika hospitali za Uganda. Uwanja wake ni mtoto mahututi: yule anayeletwa mgongoni mwa mama akiwa na homa kali, anahema, mikono na miguu imekuwa baridi, hata jina lake akiitwa haitiki. Kwetu tunasema kazi ya reanimasioni. Sababu ya kumchagua ni serumu. Hakuna mtu anayesoma hapa ambaye hajaona ile chupa ikining'inia juu ya kitanda, na tumelelewa tukijua kwamba mgonjwa akitiwa serumu, amehudumiwa. Ospitali yenye haitii serumu, familia inanung'unika.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1991. Jarida la Marekani JAMA lilitoa makala ya Joseph Carcillo na wenzake wawili. Walichunguza watoto 34 wenye shoki ya septisemia, ni kusema vijidudu vimeenea mwilini na damu imeshindwa kuzunguka vizuri. Wakawagawa kufuatana na kiasi cha serumu walichokuwa wamepewa saa ya kwanza. Wale waliopewa nyingi zaidi walikuwa 9, na 8 kati yao walipona. Wale waliopewa kidogo walikuwa 14, wakapona 6. Ukiangalia hivyo, moyo unasema: basi serumu nyingi, haraka! Lakini angalia tena. Watoto 34. Na hakuna aliyewagawa kwa kura. Kila daktari alitoa kiasi alichoona kinafaa, kiisha watafiti wakahesabu. Pengine wale 9 walikuwa na tofauti nyingine na wenzao. Watoto wachache namna ile hawawezi kutujulisha.

Ile makala ilitajwa, ikatajwa, ikatajwa tena. Kila mtu aliyeandika juu ya shoki ya watoto aliitia ku orodha ya marejeo yake. Ilipofika mwaka 2002, maelekezo ya Marekani ya kutibu mtoto mwenye shoki yalikuwa yanasema unaweza kufika mililita 60 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa moja ya kwanza, na hata kupita pale. Mtoto wa kilo 10, hiyo ni mililita 600, chupa mbili ndogo za Fanta zikimwagwa ndani ya mishipa yake kwa saa moja. Simlaumu Carcillo. Alifanya alichoweza na wagonjwa aliokuwa nao, na katika hospitali zenye mashine za kupumulisha na vipimo vya kila saa. Ninachoonyesha ni kwamba kutajwa mara nyingi kuliifanya makala ya watoto 34 ionekane kubwa kuliko ilivyo. Mtu wa kumi hakurudi kuisoma, alimtaja mtu wa tisa.

Sasa Maitland na wenzake wakauliza swali ambalo wengi waliliona halina haja: je, kwa watoto wetu huku, ni kweli serumu ya haraka inaokoa? Utafiti uliitwa FEAST. Ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi kwa Kenya, Teule ya Muheza kwa Tanzania, na nne za Uganda, ambazo ni Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Hospitali ambazo hazikuwa na chumba cha reanimasioni chenye mashine za kupumulisha. Ni kusema, hospitali za kama kwetu. Kuanzia Januari 2009 walipokea watoto wa miezi miwili hadi miaka 12 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri: miguu baridi, moyo unaenda mbio, ukibonyeza ngozi ya kidole rangi inakawia kurudi.

Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipewa serumu ya albumini kwa haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kilo. La pili lilipewa serumu ya chumvi ya kawaida, kiasi kilekile, kwa haraka vilevile. La tatu halikupewa ile ya haraka, lilipewa tu ya polepole ya kushikilia mwili. Makundi yote yalipata dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu kwa mwenye kuhitaji. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, na hapa naomba msome mara mbili: mambo ya FEAST si ya mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara au kipindupindu. Yule anahitaji maji. Mimi siandiki ordonansi, naeleza utafiti.

Walipanga watoto 3600. Walipofika 3141, mu Januari 2011, kamati huru iliyokuwa inachunga usalama ikawaambia: simamisheni. Maana ya kusimamisha ni nini? Ndani ya saa 48, kundi la albumini walikuwa wamekufa asilimia 10.6. Kundi la chumvi asilimia 10.5. Kundi lenye halikupewa serumu ya haraka, asilimia 7.3. Kwa watoto 100 waliotiwa serumu ya haraka, watoto 3 zaidi walipotea. Haikuwa mambo ya hospitali moja mbovu wala ya malaria peke yake. Walipoangalia kila hospitali, wenye malaria na wasio na malaria, wenye upungufu wa damu na wasio nao, mwelekeo ulikuwa uleule.

Makala ilitoka mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine, jarida ambalo katika udaktari ni sawa na kucheza fainali. Tangu hapo imetajwa zaidi ya mara elfu moja.

Hapa tusimame, tuhesabu. Mtu akitaja makala yako katika marejeo ya makala yake, hiyo ni sitasioni moja. Ukijumlisha zote, unapata jumla ya kutajwa. Indeksi h ilitolewa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unapanga makala zako kuanzia yenye kutajwa sana mpaka ya mwisho. Tuseme uko na makala tano, zimetajwa mara 40, 12, 4, 3 na 1. Makala ngapi zimetajwa angalau mara 3? Ziko nne. Angalau mara 4? Ziko tatu tu, haitoshi. Basi h yako ni 3. Mwenzako mwenye makala tano, kila moja imetajwa mara 5, h yake ni 5, hata kama wewe uko na jumla ya 60 na yeye ana 25.

Umeona? Mtu mwenye makala moja tu iliyobadilisha dunia, imetajwa mara elfu, h yake ni 1. Na h haishuki hata siku moja. Ukistaafu inapanda, ukifa inaendelea kupanda. Njo maana kulinganisha asistanti wa miaka 30 na profesa wa miaka 65 kwa h ni kulinganisha muhogo wa miezi mitatu na wa miaka miwili, halafu kumlaumu ule mdogo. Tena fani hazifanani. Katika reanimasioni makala moja inaweza kuwa na waandishi 18, na madaktari wa dunia nzima wanaandika kila siku. Mtafiti wa sheria ya ardhi ya kwetu au wa lugha ya Kishi hawezi kupata zile namba hata akiwa ndiye mwenye akili kuliko wote.

Kuna jambo lingine wengi hawalijui: h inategemea nani anahesabu. Google Scholar inahesabu karibu kila kitu inachokiona, pamoja na tasnifu na ripoti. Web of Science inahesabu tu majarida iliyoyakubali, na mengi ni ya Kiingereza. Mtu mmoja, siku moja, anaweza kuwa na h mbili tofauti sana. Msomi wetu aliyeandika Kifaransa katika jarida la chuo kikuu cha hapa anaweza kuonekana sifuri upande mmoja huku upande wa pili yuko. Akiandika mtu "h yake ni 12", muulize: ya wapi?

Turudi kwa FEAST. Zile mara elfu na zaidi, waliomtaja Maitland walikuwa wanasema nini? Nimepitia nyingi kwa ajili ya kazi zangu, na nitasema nilivyoona.

Kuko wanaotaja ili kubisha. Baada ya 2011 madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliandika kwamba matokeo haya ni ya Afrika, ya watoto wenye malaria na damu kidogo, bila mashine, kwa hiyo hayawahusu. Kila barua ya kubisha inahesabiwa sawa na barua ya kusifu. Mashine haijui hasira na upendo. Kuko wanaotaja kwa mazoea, sentensi ya kwanza ya utangulizi, "shoki ni tatizo kubwa", halafu marejeo saba kwa mkupuo. Hizi ni nyingi mno. Na kuko wachache wanaotaja kwa sababu ile makala imewalazimisha kufanya kazi mpya. Hao ndio ninaowatafuta mimi. Mfano, Zambia, mjini Lusaka, Ben Andrews na wenzake walichukua watu wazima 212 wenye septisemia na presha iliyoshuka, wengi wao wenye VVU. Wakawagawa kwa kura: wengine matibabu ya kawaida, wengine mpango wa serumu nyingi ya mapema pamoja na dawa za kupandisha presha. Makala ilitoka JAMA mwaka 2017. Kundi la mpango ule walikufa asilimia 48.1, la kawaida asilimia 33.0. Kwa jumla ya kutajwa, ile ni sitasioni moja tu kwa FEAST. Kwangu mimi ina uzito kuliko mia za utangulizi.

Na sasa jambo ambalo linanichoma. Mnadhani makala ikitoka katika jarida kubwa kuliko yote, ikatajwa na kila mtu, kesho yake muganga wa Beni ama wa Kalemie anabadilisha mkono wake? Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, OMS yetu, lilitoa upya kile kitabu chake kidogo cha kutunza watoto hospitalini, ambacho kiko katika vituo vingi vya afya. Bado kilikuwa kinapendekeza serumu ya haraka kwa mtoto mwenye shoki. Mwaka 2014 Sarah Kiguli wa Makerere, pamoja na Maitland na wengine, waliandika katika jarida BMJ wakiuliza hadharani imekuwaje data za FEAST zimeachwa nje. Mwaka 2016 tu njo OMS ilitoa maelekezo mapya: mtoto mwenye dalili moja au mbili za damu kutozunguka vizuri, lakini hana shoki kamili, asitiwe serumu ya haraka, na mwenye shoki kamili, kiasi kipunguzwe na kiende polepole zaidi. Miaka mitano. Wakati ule mstari wa kutajwa ulikuwa unapanda vizuri kabisa ku grafiki. Grafiki haikuwa na nafasi ya kuonyesha kitabu kilichobaki palepale mu mfuko wa muuguzi.

Mwaka 2020 maelekezo ya kimataifa ya septisemia ya watoto yakaingiza neno waziwazi: kama hakuna huduma ya reanimasioni na mtoto presha yake haijashuka, usimpe serumu ya haraka. Na waliandika kwamba ushahidi wa pendekezo hilo ni wa daraja la juu. Katika maelekezo yale, mapendekezo mengi yalisimama juu ya ushahidi dhaifu. Hili la hospitali maskini njo lilipata nguvu, juu utafiti wake ulifanyika katika hospitali maskini zenyewe.

Mtaniuliza: sasa kutajwa hakuna maana? Kuna maana. Lakini nisikilizeni hii nyingine, nayo ni ya serumu vilevile. Ujerumani kulikuwa na daktari wa usingizi na reanimasioni, Joachim Boldt, wa hospitali ya Ludwigshafen. Alikuwa na makala nyingi sana, anatajwa kila mahali, hasa juu ya serumu moja iliyotengenezwa kwa wanga. Makala zake zilionyesha kwamba serumu ile haina shida. Kwa hesabu ya h, alikuwa jitu. Kufikia mwaka 2011 wahariri wa majarida walitangaza kuondoa makala zake karibu 90, hasa kwa kuwa hakukuwa na kibali cha kamati ya maadili, na baadaye zikaondolewa nyingine. Mwaka 2013 watafiti wengine walikusanya tafiti zote za serumu ile. Walipotoa tafiti 7 za Boldt, zenye wagonjwa 590, zilizobaki zikaonyesha kwamba wagonjwa waliopewa serumu ya wanga walikufa zaidi na figo zao ziliharibika zaidi. Wagonjwa 590 walikuwa wameficha ukweli uliokuwa ndani ya zaidi ya elfu kumi. Na wale waliomtaja miaka yote ile walikuwa watu wenye akili na nia njema, ila waliamini jina.

Kwa hiyo mwanafunzi wa memwari, ukiona makala yenye kutajwa sana, ingia kwanza PubMed uangalie kama juu yake hakuna alama kwamba imeondolewa. Ni kazi ya nusu dakika. Makala zilizoondolewa zinaendelea kutajwa miaka na miaka, juu watu wanakopa marejeo ku makala za wenzao bila kuzifungua. Naijua hiyo tabia, na nyinyi munaijua.

Nimesema makala ya FEAST ina waandishi 18. Hebu tusome majina, maana hapa tuko na jambo letu. Wa kwanza ni Maitland. Wa pili Sarah Kiguli, wa tatu Robert Opoka, wote wa Kampala. Kiisha Charles Engoru wa Soroti, Peter Olupot-Olupot wa Mbale, Samuel Akech wa Kilifi, Richard Nyeko wa Lacor, George Mtove wa Muheza. Kuanzia wa pili hadi wa nane, wote ni madaktari wa Afrika Mashariki, wale waliokuwa wanaamshwa usiku mtoto akifika. Lakini katika mazungumzo ya wasomi utasikia tu "Maitland na wenzake". Google Scholar inampa kila mmoja wao sitasioni zilezile, hiyo ni kweli, kila mmoja anapata mara elfu na zaidi. Ila sifa haigawanywi vile. Anayealikwa kuongea ni jina la kwanza, na jina la mwisho, ambalo mara nyingi ni la mkubwa wa timu. Mimi ninapomtathmini mtafiti mkubwa, naangalia miaka iliyofuata: je, wale wa katikati walipanda kuwa wa kwanza? Ile makala ya BMJ ya 2014, jina la kwanza ni Kiguli. Ni dalili nzuri kuliko h.

Na kwetu Kongo tuko wapi? Tuko, hata kama hatujisifu. Mwaka 2010 jarida Lancet lilitoa utafiti wa AQUAMAT, watoto 5425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kilifi ikiwemo na Kingasani ya Kinshasa ikiwemo. Ulionyesha kwamba artesunati ya sindano inapunguza vifo kufika asilimia 8.5, wakati kwinini ilikuwa asilimia 10.9. Tena kati ya 2018 na 2019, wakati Ebola inachoma Kivu ya Kaskazini, wagonjwa 681 walitibiwa katika utafiti wa dawa nne, Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Makala ilitoka katika New England Journal of Medicine ileile, na jina la kwanza ni Sabue Mulangu, daktari Mkongomani wa INRB. Dawa mbili kati ya zile nne ziliokoa watu wengi zaidi, wakasimamisha nyingine mbili. Kwa sasa mtu akitaja "Mulangu na wenzake" anataja kazi ya Beni na Butembo.

Kuna aina moja ya kutajwa sijaigusa, na wanafunzi wa udaktari watakutana nayo kabla ya zote. Ubelgiji, Chuo Kikuu Huru cha Brussels, kuna Jean-Louis Vincent, mmoja wa watu wanaotajwa kupita wote katika reanimasioni. Makala yake ya mwaka 1996 juu ya kipimo cha SOFA imetajwa zaidi ya mara elfu kumi. SOFA ni nini? Ni namna ya kumpa mgonjwa alama kwa viungo sita: mapafu, damu kuganda, ini, moyo na mishipa, ubongo na figo. Kila kimoja alama 0 hadi 4, jumla 24. Makala ile haikugundua dawa, ilitengeneza kipimo cha pamoja, na kila anayekitumia anapaswa kuitaja, sawa vile kila fundi anataja mita. Makala za vipimo na za kukusanya tafiti za wengine zinatajwa kuliko makala za uvumbuzi, karibu kila mara. Hilo si kosa la Vincent, kipimo chake kinasaidia kweli. Lakini jaribu kukijaza ku hospitali ya teritware: unahitaji gesi za damu, bilirubini, kreatinini, hesabu ya chembe za kugandisha damu. Maabara ikikosa reajenti, safu nne kati ya sita zinabaki tupu. Mwanafunzi anayeandika "tulitumia SOFA juu inatajwa sana" wakati hospitali yake haina gesi za damu, atapata shida siku ya kujitetea, na itakuwa haki yake.

Basi kwa wale walioniuliza wafanye nini na direkta mwenye kutaka "h kubwa". Mwonyesheni heshima, wekeni majina makubwa anayoyataka, lakini kwa kila moja andikeni mstari mmoja pembeni mu daftari: alichunguza nani, wangapi, hospitali ya namna gani, waligawanywa kwa kura ao hapana, nani amembishia. Ukishindwa kujaza ule mstari, hujaisoma ile makala, usiitaje. Makala za FEAST, AQUAMAT na ile ya Beni zinasomeka bila kulipa. Nyingine zikifungwa, ulizeni maktaba ya chuo chenu kama kimejiandikisha ku Research4Life, ambamo muna HINARI ya OMS. Kongo iko kati ya nchi zenye haki. Vyuo vingi viko na neno la siri na halijawahi kutoka mu ofisi ya maktaba.

Na yule mwenye asistanti wa h ya 2: nimeomba anitumie zile makala mbili. Moja ni ya watoto wachanga wenye kushindwa kupumua, ilifanywa katika hospitali ya teritware, miaka mitatu ya rejista za mkono, kila kifo kimefuatwa mpaka chanzo chake, na mahali karatasi ilipotea ameandika kwamba karatasi imepotea. Imetajwa mara nne. Nimemjibu dada yule abaki naye.